Mchikichi wenye njaa haufi kwa njaa

Ukipita nyuma ya mashine za kukamulia mawese, iwe Simbo, Mahembe au Ilagala hapa Kigoma, utakuta lundo la mikungu mitupu iliyobaki baada ya ngazi, yaani matunda ya mchikichi, kupukuchuliwa. Malundo mengine yamekaa pale misimu miwili, mvua imeyanyeshea mpaka yamekuwa meusi, na mara nyingi kuna mtu ameyatia moto ili apate nafasi. Shambani, si mbali na hapo, michikichi ina makuti yenye madoa ya rangi ya chungwa, na mwenye shamba anauliza dawa ya ukungu inauzwa duka gani.

Hayo ni mambo mawili ya shida moja. Potasiamu inayokosekana kwenye makuti imelala kwenye lile lundo, na dawa anayoitafuta mkulima haitairudisha shambani hata akipuliza kila wiki.

Tunasema hivi sasa kwa sababu zao lenyewe limebadilika. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipozindua kampeni ya kulifufua zao la michikichi mkoani Kigoma, miche ya tenera imeingia mashambani kwa wingi, mingi ikitokea kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga. Tenera ni mtoto wa dura na pisifera, aina mbili za mchikichi: ganda la mise (kokwa ya ndani) jembamba, nyama ya tunda nene, mafuta mengi. Dura tuliyoizoea, ile iliyojiotea nyuma ya nyumba kwa mbegu iliyodondoshwa na ndege, ilizaa kidogo na ilikula kidogo. Iliishi miaka mingi bila mtu kuipa hata kiganja cha mbolea. Wengi wamechukua kanuni hiyohiyo wakaihamishia kwa tenera, na hapo ndipo hesabu inapokataa.

Kila tani moja ya mikungu inayotoka shambani, matunda na kikonyo chake, inaondoka na naitrojeni takribani kilo 3, fosforasi chini ya nusu kilo, potasiamu kilo 3.7 na magnesiamu robo tatu ya kilo. Tuseme ekari moja iliyopandwa kwa pembetatu ya mita 9, yenye miti 58 hivi, inatoa tani 4 kwa mwaka. Potasiamu inayoondoka ni kilo 15. Ukitaka kuirudisha kwa kloridi ya potasiamu, ile wauzaji wanayoiita MOP, unahitaji kilo 30, yaani zaidi ya nusu ya mfuko wa kilo 50. Hapo hujahesabu inayotumika kujenga shina na makuti mapya, wala inayooshwa na mvua za Machi kwenye udongo wa kichanga. Fanya hivyo miaka mitano bila kurudisha kitu, halafu ushangae kwa nini shamba linaugua.

Kwa nini njaa inafungua mlango

Potasiamu haijengi ukuta wa mmea moja kwa moja kama kalsiamu, lakini ndiyo inayosukuma kazi ya ujenzi. Ikipungua, sukari na amino asidi zinazotengenezwa kwenye jani hazigeuzwi haraka kuwa nyuzi na protini. Zinabaki zikielea kwenye utomvu, na kwa kuvu huo ni uji ulioandaliwa mezani. Kuta za chembe zinakuwa nyembamba. Vinyweleo vya jani, ambavyo hufunguka na kufunga kwa nguvu ya potasiamu, vinachelewa kufunga jua linapochoma, na mti unapoteza maji ovyo.

Hilo la maji lina uzito wa pekee kwetu. Mchikichi ni mti wa nchi zinazopata mvua ya milimita 2,000 kwa mwaka, iliyotawanyika. Kigoma inapata kama milimita 1,000, na kati ya Juni na Septemba hainyeshi kitu cha maana. Mti unaoingia kiangazi ukiwa na upungufu wa potasiamu unatoka mwezi Oktoba ukiwa umepoteza mizizi mingi midogo, na mizizi iliyokufa ni njia ya kuingilia kwa kuvu wanaoishi ardhini.

Kalsiamu ndiyo saruji inayoshikanisha chembe na chembe. Kuvu wengi huanza kwa kutoa vimeng'enya vya kuyeyusha saruji hiyo, na kalsiamu ikiwa pungufu kazi yao ni rahisi. Boroni na shaba zinahusika na ugumu wa kuta. Naitrojeni ina sura mbili: ikikosekana mti unadhoofu, ikizidi peke yake unapata majani mapana, ya kijani kibichi, laini kama mchicha. Mkulima anayetia urea tupu anafurahia rangi hiyo miezi mitatu. Anachofanya ni kuuharakisha mti kukua huku potasiamu ileile kidogo ikigawanywa kwenye majani mengi zaidi.

Lililothibitishwa, na lisilothibitishwa

Ugonjwa wa kuvu unaopaswa kututia wasiwasi kuliko yote ni mnyauko wa fuzari, unaoletwa na Fusarium oxysporum wa aina inayoshambulia mchikichi. Uliandikwa kwa mara ya kwanza Kongo mwaka 1946, na unajulikana pia Nigeria, Ghana, Ivory Coast na Kamerun. Kuvu huyu anaingia kwa mizizi, anapanda ndani ya mishipa ya maji na kuiziba. Kwenye mti mchanga, kuti moja au mawili ya katikati ya taji yanageuka manjano ya limau wakati ya juu na ya chini bado ni ya kijani. Kwenye mti mkubwa, makuti ya chini yanakauka, yanavunjika katikati ya uti na kuning'inia yakilizunguka shina kama sketi. Wakati mwingine mti huchukua miaka kufa, na shina lake linakuwa jembamba kuelekea juu. Wakati mwingine miezi miwili au mitatu inatosha.

Majaribio yaliyofanyika Afrika Magharibi tangu miaka ya 1950 yalionyesha kwamba michikichi iliyopewa potasiamu ilipata mnyauko huu kidogo kuliko isiyopewa, kwenye udongo uliokuwa na upungufu wake. Sentensi hiyo ina sharti mwishoni, na sharti hilo ndilo wauza mbolea hulisahau. Kama udongo wako una potasiamu ya kutosha, kuongeza nyingine hakutakupa kinga ya ziada. Na mti ambao mishipa yake imeshaziba hauponi kwa mbolea yoyote. Lishe hupunguza idadi ya miti inayougua na kasi ya kuugua, basi. Kinga ya kwanza ya fuzari ni mbegu yenye ukinzani.

Kuhusu kuvu wa Ganoderma, anayeozesha tako la shina na kutoa vile vitu kama uyoga mgumu chini ya mti, tuwe waangalifu zaidi. Huyo ndiye msumbufu mkuu wa Malaysia na Indonesia. Matokeo mazuri ya silikoni, kalsiamu na shaba yanayotajwa sana yanatokana kwa sehemu kubwa na miche ya kwenye viriba. Kwake yeye, kung'oa kisiki cha mti wa zamani pamoja na mizizi yake kabla ya kupanda upya kuna maana kuliko mfuko wa mbolea.

Kabla hujaita ugonjwa

Makuti mengi yanayopelekwa kwa afisa ugani kama "yana ugonjwa" hayana kuvu hata mmoja. Ni njaa, na kila njaa ina alama yake.

Ya potasiamu inaanza kwenye makuti ya chini kama vidoa vya kijani kilichofifia, kisha manjano, kisha chungwa. Kata kijani kimoja, yaani jani dogo la kuti, kiinue kikiwa kati ya jicho lako na jua. Madoa ya njaa yanapitisha mwanga, kama karatasi iliyodondokewa mafuta ya taa. Doa la kuvu lina kitovu cha kahawia kilichokufa, mara nyingi na pete ya manjano kukizunguka, na kitovu hicho hakipitishi mwanga. Mtego mmoja: ukikuta mti mmoja tu una madoa ya chungwa, na majirani zake wote wanaokula udongo uleule ni kijani, huenda ni urithi wa mti wenyewe. Usimwage mfuko kwa sababu yake.

Ya magnesiamu ndiyo rahisi kuliko zote. Makuti ya chini yanageuka chungwa upande unaopigwa na jua. Tafuta mahali ambapo kijani kimoja kimelalia kingine, kisha kiinue cha juu. Chini yake utakuta mstari wa kijani safi, umbo lilelile la kivuli, kama alama ya saa mkononi mwa mtu aliyelima juani. Hakuna kuvu anayeheshimu kivuli namna hiyo. Dawa ya hapo ni salfeti ya magnesiamu, nusu kilo kwa mti mkubwa, au chokaa ya dolomaiti ambayo ni ya polepole lakini inapunguza na uchachu wa udongo. Na ujue kwamba potasiamu na magnesiamu hugombea mlango mmoja kwenye mzizi. Aliyetia MOP nyingi miaka mitatu mfululizo bila magnesiamu ataziona chungwa hizo kwa mkono wake mwenyewe.

Boroni ikikosekana, ncha za vijani vya makuti mapya hujikunja kama ndoano, au kuti zima linatoka fupi na kukunjamana. Gramu 50 za boraksi kwa mti mchanga, mara moja kwa mwaka, zinyunyizwe kwenye duara la palizi. Usijaribu kuwa mkarimu, kwa sababu boroni ikizidi huunguza. Fosforasi ndiyo njaa isiyosema kitu kwenye jani: makuti mafupi, shina linalopungua unene kuelekea juu, na nyasi zinazouzunguka mti nazo zimedumaa.

Kwa anayeweza kulipia, kipimo cha jani ndicho kinachomaliza ubishi. Jani linalopimwa ni la 17, na kulipata si kazi kubwa ukishaelewa mpangilio wa makuti. Jani la kwanza ni kuti changa kuliko yote lililokwisha kufunguka. La 9 liko karibu chini yake, na la 17 liko chini ya la 9 kwenye mstari huohuo unaopinda kidogo. Chukua vijani vya katikati ya uti, pande zote mbili, kutoka miti ishirini hivi iliyotawanyika, asubuhi, kabla ya kutia mbolea. Kwenye mti mkubwa, potasiamu chini ya asilimia 0.75 ya jani kavu ni njaa kamili, na magnesiamu chini ya 0.20 hali kadhalika. Udongo unaweza kupimwa kituo cha TARI Mlingano, Tanga, au Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro.

Turudi kwenye lundo. Katika zile tani 4 za ekari moja, kama kilo 900 ni mikungu mitupu. Tani moja ya mikungu mitupu mibichi ina potasiamu sawa na kilo 19 za MOP na naitrojeni sawa na kilo 7 za urea, pamoja na fosforasi na magnesiamu kidogo. Kilo 900 basi ni kama kilo 17 za MOP, zaidi ya nusu ya kile ambacho mavuno yaliondoka nacho. Kwa mti mmoja hesabu ni ya kuhesabika kwa vidole: mti uliotoa mikungu saba ya kilo 10 unarudishiwa mikungu mitupu saba, kilo 15 hivi.

Lakini kuna haraka. Potasiamu haijafungwa ndani ya mkungu. Iko kwenye maji yake, na mvua inaitoa kama unavyotoa rangi kwenye majani ya chai. Lundo lililonyeshewa msimu mzima limebaki na nyuzi. Mikungu ipelekwe shambani wiki ileile, itandazwe safu moja tu, isisogee shina kwa karibu zaidi ya futi moja. Safu moja si pambo: mikungu iliyorundikwa ikaoza ni kitalu cha mbawakavu yule mwenye pembe, anayetoboa kitovu cha mchikichi, na tundu lake hukaribisha uozo wa aina zote. Pia usichukue mikungu kutoka shamba lenye dalili za mnyauko ukaipeleka kwenye shamba safi.

Anayeshindwa kusafirisha achome, lakini achome kwa hesabu. Kilo 900 hutoa majivu kama kilo 20, yenye potasiamu sawa na MOP kilo 10 hadi 13. Naitrojeni na mboji vimekwenda na moshi. Majivu yakusanywe yakiwa makavu siku hiyohiyo na kuhifadhiwa kwenye ndoo yenye kifuniko, kwa sababu yananyonya unyevu hadi kwenye hewa. Yanafaa sana udongo wenye uchachu. Kosa linalofanyika ni kuyachanganya na urea: ukisikia harufu kali ya kukata pua, hiyo ndiyo naitrojeni yako inakwenda zake. Acha wiki mbili au tatu kati ya kimoja na kingine.

Pengo linalobaki lijazwe dukani. Shida ni kwamba maduka ya pembejeo yamezoea mahindi, yana urea na DAP, na MOP ni ya kuagiza. Wengi hawajui kuwa mbolea ya tumbaku, NPK 10-18-24 inayotumika Kasulu, Kibondo na kote Tabora, ina potasiamu ya kutosha kwa kazi hii. Kilo 75 kwa ekari zinalingana na zile kilo 30 za MOP, na zinaleta naitrojeni na fosforasi juu yake. Ni ghali kwa kila kilo ya potasiamu, lakini ni bora kuliko kusubiri mfuko usiofika. Kwa fosforasi peke yake, mbolea ya Minjingu ya unga inafaa kwenye udongo wetu wenye uchachu: robo hadi nusu kilo kwenye shimo la kupandia.

Pa kuanzia pasipokuwa na kipimo: mwaka wa kwanza MOP nusu kilo kwa mti, wa pili kilo moja, mti unaozaa kilo moja na nusu, na urea theluthi mbili ya hapo. Gawa mara mbili. Mkupuo wa kwanza uende katikati ya Novemba hadi Desemba, udongo ukishalowa vizuri na si kwa manyunyu ya kwanza. Wa pili uende mwishoni mwa Februari, ili mti uingie kiangazi ukiwa na akiba. Mti mchanga unatiwa chini ya ncha za makuti yake, na mti mkubwa mita moja na nusu hadi mbili kutoka shinani. Kurundika mbolea kwenye tako la shina ni kuunguza mizizi na kufungua kidonda pale pale ambapo kuvu wa kuozesha tako anapapenda.

Makuti yaliyopogolewa yabaki shambani, yalazwe katikati ya mistari. Tunajua ni kuni na ni uzio, na si rahisi kumwambia mtu asiyachukue, lakini kila kuti linaloondoka lina potasiamu ndani yake. Usipogoe kupita kiasi: acha makuti mawili chini ya mkungu uliokomaa. Na miaka ya mwanzo, unapochanganya mazao, maharage ni rafiki. Muhogo unachota potasiamu nyingi kwenye udongo uleule, na ukiung'oa unaondoka nayo jumla.

Kwenye kitalu mambo ni ya haraka zaidi, maana mche hauna akiba. Doa la serkospora, kuvu wa majani, lenye kitovu cha kahawia na pete ya manjano, hupenda miche iliyobanana na iliyolishwa vibaya, iwe kwa kunyimwa au kwa urea tupu. Miche iliyohamia viriba vikubwa ipewe NPK yenye potasiamu, vifuniko viwili vya soda kwa kila mche kila mwezi, kama gramu 10, kuzunguka ukingo wa kiriba na isiguse shina. Viriba viachane sentimita 70 hadi 90. Maji yatiwe asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku. Hapa dawa ya ukungu ya mankozebu ina nafasi yake, ikitanguliwa na kukata majani yaliyoathirika na kuyachoma. Mche uliodumaa mpaka umri wa miezi kumi utupwe, hata kama roho inauma.

Na miche ya kuvuka ziwa kwa boti, bei nafuu, isiyo na karatasi? Fuzari husafiri kwenye mbegu na kwenye udongo wa kiriba. Ng'ambo, Kongo, ndiko ilikoandikwa kwanza. Hatuoni hoja yoyote ya bei inayotosha kujibu hilo.

Kinachobaki ni usafiri, na hapo wenye mashine wana nafasi kuliko serikali. Mkulima anayeleta tani moja anastahili kurudi na kilo 200 za mikungu mitupu bila kulipa, na mwenye mashine anapata uwanja wake bila moshi. Gari lililoleta mikungu asubuhi hurudi kijijini jioni likiwa tupu.